Kobalti ya Likasi na nyota iliyolipuka mwaka wa 1987

Hapa Likasi kobalti tunaijua kwenye magunia, kwenye malori na kwenye viwanda vya Shituru. Lakini mwaka wa 1987 kobalti iliwaka pia angani, juu ya mji wetu.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Februari 1987, Ian Shelton, kijana wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Las Campanas, nchini Chile, alipiga picha ya Wingu Kubwa la Magellan. Hiyo ni galaksi ndogo, jirani ya galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Aliposafisha picha alikuta nyota kali mahali ambapo jana yake haikuwepo. Akatoka nje, akaiona kwa macho matupu. Albert Jones wa New Zealand, aliyetazama nyota kwa mapenzi tu, naye aliiona kwa darubini yake ya nyumbani. Ikaitwa SN 1987A.

Mwangaza wake ulifika kilele mwezi wa Mei. Kwetu kipwa kinakuwa kimeanza na mawingu yamepungua. Mtu wa Panda au Kikula, akitazama kusini baada ya jua kutua, angeweza kuiona bila kifaa chochote.

Ni nini kilichoiwasha miezi yote ile? Mlipuko ulitengeneza nikeli 56, ambayo hugeuka kobalti 56, kisha chuma. Kobalti 56 hupungua nusu kila siku 77 hivi, ikitoa nguvu. Nyota nayo ilififia kwa mwendo huohuo, na setilaiti ya Marekani ikanasa mionzi ya kobalti hiyo.

Kobalti ya ardhi yetu ni nyingine, kobalti 59, isiyogeuka. Lakini nayo ilizaliwa katika nyota za zamani, kabla ya dunia kuwepo. Kwa hiyo historia yake haikuanza na Union Minière.

Leo kazi hii hufanyika hata uani. Huko Afrika Kusini, Berto Monard amegundua supanova zaidi ya 100 akiwa kwake. Mwezi wa Septemba 2001 aligundua moja katika galaksi NGC 1448. Njia ni rahisi kueleza: darubini, kamera, picha ya galaksi ileile usiku baada ya usiku, kisha kulinganisha mpya na ya zamani. Ukiona nukta ambayo haikuwepo, huenda ni nyota iliyolipuka. Uvumilivu ndio mgumu.

Mimi nilikuwa sijazaliwa, na sijawahi kuona picha ya nyota ile iliyopigwa hapa Likasi. Kama papa au mama yako aliiona mwaka ule, muulize, uandike jibu lake. Na usiku umeme ukikatika mtaani, toka nje kidogo, utazame juu.