Majalala ya Dar es Salaam na Mlango wa Mahakama

Wanasheria wanapozungumzia haki ya vikundi vya wananchi kwenda mahakamani kutetea mazingira, kwa kawaida huanzia Rio de Janeiro, Juni 1992, ambako mataifa yalikubaliana katika kanuni ya 10 kwamba raia wapewe habari, washirikishwe katika maamuzi, na wapate njia ya kweli ya kufika mbele ya vyombo vya sheria. Sisi tunaona kwamba kwa Tanzania historia hiyo haina budi kuanzia kwenye taka za Tabata na Kunduchi Mtongani. Umma wa pembezoni mwa Dar es Salaam ulibisha hodi mahakamani kabla ya Rio, na uliyoyapata na kuyakosa huko yanafundisha zaidi kuliko maazimio.

Hali halisi ya wakati ule ieleweke kwanza. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, na za mijini zikarudishwa mwaka 1978. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilikuta watu wapatao 843,000 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 1988 ikakuta zaidi ya 1,360,000. Katikati ya hesabu hizo mbili kulikuwa na gharama za vita vya Kagera, mafuta ghali na uhaba wa vipuri. Halmashauri ya Jiji ilikuwa na taka nyingi na malori machache. Hilo ni kweli, na haki inatutaka tulitaje. Lakini uhaba wa malori hauelezi kwa nini taka zimwagwe mlangoni kwa watu.

Wakazi wa Tabata walifungua shauri mwaka 1988 katika Mahakama Kuu. Malalamiko yao yalikuwa ya kawaida kabisa: moshi, harufu, nzi, maradhi. Septemba 1988 walishinda. Jiji likaamriwa kuacha kutupa taka pale na kutafuta mahali pasipohatarisha afya ya watu. Je, Jiji lilitii? Liliomba muda, kisha likaomba tena. Mwaka 1991 ombi jingine lilipofika mbele ya Jaji Lugakingira, alilikataa, akashangaa kuona chombo cha umma kikija mahakamani kwa ujasiri kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alikumbusha pia ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi. Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini wananchi waliweza kuitumia mahakamani kuanzia Machi 1988 tu. Kwa hiyo makabwela wa mjini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu silaha hiyo mpya, na waliijaribu dhidi ya urasimu.

Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, wilayani Kinondoni. Safari hii walijitokeza wakazi 750, kwa shauri namba 90 la mwaka 1991. Tunaomba msomaji aitazame idadi hiyo. Watu 750 hawakusanyiki kwa bahati. Lazima mtu apite nyumba kwa nyumba, aeleze, akusanye majina na michango. Mahakama Kuu, chini ya Jaji Rubama, ilifuta uamuzi wa Jiji, ikakataza utupaji taka katika eneo lile la makazi, na ikaliamuru Jiji liandae jalala linalofaa. Hakuna aliyewauliza wakazi hao kama walikuwa na cheti cha kikundi cha mazingira. Walikuwa ni watu waliokuwa wakivuta moshi.

Hapa ndipo uchambuzi wa kisheria peke yake unapoishiwa nguvu. Baada ya Kunduchi taka zilikwenda Vingunguti, mtaa wa makazi yasiyopimwa kando ya bonde la Msimbazi. Baadaye zikaenda Mtoni, Temeke, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Kila hukumu ilimlinda aliyeshtaki. Haikumlinda jirani yake ambaye hakushtaki, na ambaye mara nyingi hakuwa hata na hati ya kiwanja cha kuonyesha kwamba anaishi pale. Jalala lilitafuta mahali palipo na upinzani mdogo, kama maji yanavyotafuta bonde.

Ndiyo maana suala la nani aruhusiwe kushtaki kwa niaba ya wengine si mchezo wa mawakili. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Mtikila, Jaji Lugakingira yuleyule aliupanua mlango kwa kutumia ibara ya 26(2): mwananchi anaweza kuitetea Katiba kwa maslahi ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo ilimpa kila mtu haki ya kushtaki pale mazingira yanapotishiwa. Lakini marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria ya kutekeleza haki za msingi yalimtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa maoni yetu, sharti hilo lilimwacha mtu wa Vingunguti alipokuwa.

Nje ya mipaka, Mkataba wa Aarhus wa 1998 umevitambua vyama vya mazingira kuwa na maslahi ya kutosha kushtaki, lakini ni zao la Ulaya na Tanzania si mwanachama. Kwetu mlango ulio karibu ni Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Huko chama cha kutetea wanyama chenye makao Nairobi kilifungua shauri mwaka 2010, na mwaka 2014 mahakama ikaizuia Serikali yetu kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Hatusemi nyumbu hastahili wakili. Tunasema tu kwamba alimpata mapema kuliko mkazi wa Mtoni.

Na hata mlango huo una kitasa chake. Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 30, unampa mlalamikaji miezi miwili tangu kitendo kitokee au tangu akijue. Lori la kwanza la taka linapoingia mtaani, muda huo wakazi huumaliza wakizunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine, wakiuliza ni nani aliyetoa amri.