Kipenga Kabla ya Dakika ya 90: Mwili na Akili katika Maandalizi ya Mwamuzi

Tarehe 12 Januari 2022, mjini Limbe, Kameruni, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kipenga cha kumaliza mechi ya Tunisia na Mali ilipokuwa dakika ya 85. Alisahihishwa, mpira ukaendelea, naye akaumaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia. Alichekwa dunia nzima. Baadaye ikaelezwa kuwa alikuwa amezidiwa na joto. Sikazwe hakuwa mgeni wa kazi: alichezesha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2017 na mechi mbili za Kombe la Dunia mwaka 2018. Sheria alizijua, na miguu ilikuwa bado inakimbia. Kilichotangulia kuchoka ni akili.

Kisa hiki kinatosha kutilia shaka mazoea ya kuuandaa mwili wa mwamuzi peke yake, kisha kuiachia akili semina ya sheria. Mtihani wa utimamu wa mwili wa FIFA humtaka mwamuzi wa kati mwanamume akimbie mita 40 mara sita, kila mara kwa sekunde zisizozidi 6. Halafu mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40 mfululizo. Ni mtihani wa haki, maana mechi moja humkimbiza kilomita 10 hadi 12. Lakini haumuulizi swali lolote akiwa anahema. Uwanjani, swali huja wakati huo huo: ametoka kulifukuza shambulizi la kushtukiza, jasho limemwingia machoni, na lazima aamue kama beki amegusa mpira au mguu.

Juu ya uchovu kuna kelele. Mwaka 2002 mtafiti Nevill na wenzake nchini Uingereza waliwaonyesha waamuzi 40 mkanda wa mechi, wengine wakisikia mashabiki na wengine bila sauti. Waliosikia kelele waliiadhibu timu mwenyeji kwa faulo zilizopungua kwa asilimia 15.5. Hao walikuwa wameketi. Je, mwenye mapigo ya moyo yaliyopanda?

Kwa hiyo mazoezi yaunganishwe. Baada ya kila mzunguko wa mbio, mwamuzi aonyeshwe tukio kwenye simu, kelele zikiwa juu, atoe uamuzi na adhabu papo hapo. Anayechezesha saa kumi jioni Tanga au Mombasa asifanye mazoezi alfajiri tu, kwani mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Waamuzi wetu wengi wana ajira nyingine, hivyo muda huo hawawezi kuupata bila msaada. Vyama vya soka viwalipe kwa siku za maandalizi, si kwa dakika 90 pekee.