Chuo cha Ushirika cha Moshi hadi Kuwa Chuo Kikuu

Miteremko ya Meru na ya Kilimanjaro huzaa kahawa, na kahawa ndiyo iliyozaa ushirika wa kaskazini ya Tanganyika. Mkulima wa miteremko itazamayo Nduruma, upande wa Arusha, na mwenziwe wa Uchagani walikuwa na shida moja: bei ya zao lao ilipangwa mbali nao. Katika mwaka wa 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama cha kutetea haki yao ya kulima kahawa, haki ambayo walowezi waliipinga. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata chama hicho kilirithiwa na KNCU.

Lakini chama huishi katika daftari zake, na mwanachama asiyejua kusoma mizania hawezi kumhoji katibu wake. Hiyo ndiyo haja iliyoleta Chuo cha Ushirika, kilichofunguliwa Moshi mwezi wa Januari 1963 ili kuwafunza makatibu, watunza hesabu na maofisa wa ushirika. Maneno kama hisa, mizania na ushirika lenyewe, yote yenye asili ya Kiarabu, yalipata kazi mpya katika vinywa vya wakulima wa milimani.

Jaribu kubwa lilikuja mwezi wa Mei 1976, Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika na kuzikabidhi kazi zao kwa mamlaka za mazao na kwa vijiji. Chuo kilibaki kikifundisha kazi ambayo vyombo vyake vikuu vilikuwa vimeondolewa, mpaka sheria ya 1982 iliporuhusu vyama hivyo virudi.

Mwaka wa 2004 chuo kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na mwaka wa 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, chenye kujitegemea.

Heshima hiyo ina gharama yake. Shahada hufundishwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya vyuo vikuu vya nchi, hali mkutano wa wanachama huendeshwa kwa Kiswahili. Chuo kilichoanzishwa ili mkulima aweze kumhoji katibu wake hakitakuwa kimekua kweli ikiwa elimu yake itapanda ngazi na kumwacha mkulima chini. Deni hilo halilipwi kwa hati ya Serikali. Hulipwa kwa vitabu vya Kiswahili.