Magunia ya Usiku: Ushuru wa Karafuu, Magendo na Jela Kisiwani Pemba

Mwaka 1913, ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, mama mmoja wa Kigiriama aitwaye Mekatilili wa Menza alizunguka vijijini akiwahimiza watu wake wakatae kodi ya nyumba na wasitoe vijana wa kuwafanyia kazi Waingereza. Akakamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii, mwisho mwingine wa Kenya. Mwaka uliofuata wakatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Miaka 30 na ushei baadaye, Tanganyika, Wapare kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same kupinga kodi mpya iliyoitwa mbiru. Visa hivi vimeandikwa na vinasomeshwa.

Pemba haina kisa kama hicho. Hakuna Mekatilili wa Wete wala kambi ya wagomaji Chake Chake. Asiyekijua kisiwa anaweza kudhani Wapemba walikuwa watu wa kulipa na kunyamaza. Ukweli ni kwamba kodi yao kubwa haikudaiwa mlangoni. Ilikuwa ndani ya karafuu, na mwenye kuikataa ilimpasa ajue bahari.

Karafuu zilishika Pemba baada ya kuota mizizi Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kilichokipa kisiwa utajiri, na mzigo wake, ni kimbunga cha Aprili 1872. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini mashamba ya Pemba yakasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imekuwa ikitoka Pemba. Uingereza ilipotangaza himaya yake mwaka 1890, ilikuta hazina ya Sultani inategemea ushuru wa zao hilo, nayo ikaendelea kuutegemea. Ushuru ulikuwa asilimia 25: katika kila magunia manne, moja la serikali.

Mkulima hakulipa ushuru huo kwa mkono wake. Aliyelipa forodhani ni msafirishaji, naye alijirudishia kwa kumpunja mkulima kwenye bei. Hapakuwa na karani wa kumkatalia wala risiti ya kuchana. Njia ya kutolipa ilikuwa moja tu, nayo ni kuhakikisha karafuu haipiti forodhani.

Wafanyabiashara wakubwa walikuwa na njia nyingine ya kuibana serikali. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyojulikana kwa herufi zake CGA, mamlaka juu ya ununuzi na usafirishaji wa zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua, na wenzao wa Bombay wakasusia karafuu za Zanzibar. Serikali iliyoishi kwa karafuu haikuweza kustahimili, na mwaka 1938 yakafikiwa mapatano. Mkulima wa Pemba mwenye mikarafuu michache hakualikwa kwenye mazungumzo hayo. Na ukaidi wa wazi wa wanyonge ulikuwa na mwisho wake. Wakulima wa Kiembesamaki, Unguja, waliokataa ng'ombe wao wasichanjwe walihukumiwa Julai 1951. Umati ulipojaribu kuwaokoa njiani kuelekea gerezani, polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Wazanzibari wanakiita kisa hicho Vita vya Ng'ombe.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mambo yalibadilika, ila si kwa namna ambayo mkulima alitazamia. Mashamba makubwa yalitaifishwa, na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Lakini aliyepewa mikarafuu hakupewa soko. Kuanzia 1968 mnunuzi alikuwa mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na bei ilipangwa na serikali. Dunia ilinunua karafuu kwa bei ya juu, hasa Indonesia, ambako husagwa na kuchanganywa na tumbaku ya sigara za kretek. Mkulima alipata sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na iliyobaki ikajenga nyumba za ghorofa na kuendesha serikali. Kwenye vitabu haikuitwa kodi tena, ingawa makato yake yaliizidi ile robo ya Sultani kwa mbali.

Mombasa bei ilikuwa nyingine kabisa. Vanga na Shimoni ziko kama kilomita 50 hivi kutoka pwani ya magharibi ya Pemba, safari ya usiku mmoja kwa mashua yenye upepo mzuri na nahodha anayeyajua maji. Kenya haina mashamba ya karafuu ya kutajika, lakini karafuu ziliuzwa kutoka Mombasa, na kila mfanyabiashara alijua zilikotoka.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi, na hapo ndipo sheria ilipomkamata mtu hata kabla hajafika majini. Karafuu haifichiki. Baada ya kuchumwa huchambuliwa, makonyo yakawekwa kando, kisha huanikwa juani kwenye majamvi au sakafu kwa siku kadhaa hadi iwe na rangi ya hudhurungi na ivunjike kwa kucha. Muda wote huo iko uwanjani mbele ya macho ya jirani, balozi na mpita njia. Mvua ikinyesha lazima izolewe mbio, la sivyo itavunda. Ikishakauka harufu yake hupenya gunia, hupenya mlango, na hubaki kwenye mbao za chombo baada ya mzigo kushushwa. Wa kuficha bangi alikuwa na nafuu.

Serikali ya Mzee Abeid Karume iliweka adhabu ya kifo kwa magendo ya karafuu. Tangu miaka ya 1970 bahari imelindwa na kikosi kilichoundwa kwa kazi hiyo, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ambacho hadi leo kila mtu anakiita KMKM. Ndani ya kisiwa, miaka ya baada ya Mapinduzi inakumbukwa na wazee wa Pemba kama siku za bakora, kwa sababu ya watu kuchapwa hadharani. Mwaka 1971 na 1972 chakula kiliadimika baada ya serikali kubana uingizaji wa mchele. Aliyevusha gunia la karafuu huenda alirudi na gunia la mchele. Mbele ya sheria hilo lilikuwa kosa juu ya kosa.

Aliyekamatwa alifikishwa mbele ya Mahakama ya Wananchi, iliyoundwa kwa amri ya 1969. Waliokaa pale kuhukumu hawakuwa wanasheria, na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu. Rufaa ya mwisho ilikwenda Baraza la Mapinduzi, yaani kwa watu walewale walioweka bei na kutunga adhabu. Kesi kubwa ya uhaini ya 1973 na 1974, iliyofuata kuuawa kwa Karume, ilionyesha dunia jinsi mfumo huo ulivyofanya kazi: Mwanasheria Mkuu, Wolfgang Dourado, alishtaki na papo hapo akawatetea washtakiwa. Ikiwa ndivyo kesi kubwa kama hiyo ilivyoendeshwa, mvuvi wa Micheweni aliyekutwa na magunia mawili hakuwa na la kutumainia.

Jela nazo zilibadilishwa jina. Zanzibar gereza ni Chuo cha Mafunzo, na mfungwa ni mwanafunzi. Pemba, chuo cha Wete kimepokea wanafunzi wa kila aina, na kazi yao imekuwa ileile ya kutwa shambani chini ya askari. Kwa familia, kifungo kilikuwa nusu tu ya hasara. Chombo kilipotaifishwa, nyumba nzima ilikosa riziki ya samaki hata baada ya baba kurudi.

Si kila aliyepakia magunia usiku alikuwa mpigania haki. Walikuwepo walanguzi waliomnunulia mkulima kwa bei ya kutupa na kuvuna faida Mombasa, na walikuwepo wenye vyeo waliofumba macho kwa fungu lao. Lakini kisiwa kizima hakiwezi kuwa cha walanguzi. Mtu anayeona zao lake linauzwa ng'ambo kwa bei mara kadhaa ya anayolipwa, kisha akaliuza huko mwenyewe, amefanya kile ambacho Mekatilili alikisema kwa mdomo.

Mahakama za Wananchi zilifutwa mwaka 1985. Wakati huo Indonesia ilishaanza kujitosheleza kwa karafuu zake, na bei ya dunia ikaporomoka. Mashamba mengi yakaachwa yakamea magugu, kwa kuwa hata mchumaji alikuwa ghali kuliko alichochuma. Njia za baharini hazikusahaulika, hata hivyo. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 27, 2001, zaidi ya Wapemba 2,000 walikimbilia Shimoni kwa mashua, wakipita maji yaleyale.

Mwaka 2011, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, ambaye ni mzaliwa wa Pemba, ZSTC ilipandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo moja ya daraja la kwanza, na serikali ikaahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Karafuu zikamiminika kwenye vituo vya shirika, Pemba ikaezeka mabati. Doria ziliimarishwa pia msimu huo, na viongozi waliwasifu askari. Yamkini askari walisaidia. Lakini doria zilikuwepo tangu miaka ya 1970, tena zikiwa na kitanzi nyuma yake, na mashua zilivuka. Sheria ya karafuu ya 2014 nayo ililibakisha soko mikononi mwa ZSTC, na kuvusha zao kwa siri kukabaki kosa la kumpeleka mtu mahakamani.