Sura ya Herufi na Sura ya Lugha: Kisa cha Neuland

Wataalamu wa Kiswahili tumeandika mengi kuhusu tahajia, yaani herufi zipi zitumike; tumeandika machache kuhusu umbo la herufi zenyewe. Hata hivyo, msomaji huliona umbo kabla ya kulisoma neno. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba umbo nalo lina historia, na kwamba historia hiyo inatuhusu.

Mwaka 1923, mwaka ule ule gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Tanganyika, Mjerumani Rudolf Koch alitoa mtindo wa herufi alioupa jina la Neuland, yaani "nchi mpya", kupitia kiwanda cha kusubu herufi cha Klingspor mjini Offenbach. Koch hakuanza kwa kuchora. Alichonga maumbo moja kwa moja katika chuma. Ndiyo maana herufi zake ni nene, zina kingo za mkato, na herufi moja hutofautiana kidogo kati ya ukubwa mmoja na mwingine. Zote ni herufi kubwa. Zinafaa bango, jalada na kichwa cha habari. Aya nzima iliyopigwa chapa kwazo huchosha macho.

Asili yake haina uhusiano wowote na Afrika. Lakini wasanifu wa Ulaya na Marekani waliona ndani yake mchongo wa mti. Katika mchongo wa mti wakaona "ushamba", na katika ushamba wakaiona Afrika. Hivyo Neuland ikawa vazi la majalada ya vitabu kuhusu bara letu. Nembo ya filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 nayo ilifuata mtindo huo huo: Waafrika na wanyama waliokwisha kutoweka wakavishwa kanzu moja. Hata Lithos, mtindo uliosanifiwa na Carol Twombly mwaka 1989 kwa kufuata maandishi ya mawe ya Wayunani wa kale, umepatwa na yayo hayo.

Kosa si unene wala uchangamfu wa herufi. Kosa ni kuivisha lugha sura ya ubikira wa maandishi. Hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Majina ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi hizo, kisha kwa herufi kubwa za Kirumi: nene, wazi, zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hapo pana mapokeo yetu wenyewe ya herufi za kutangaza, na hayakuhitaji kujifanya mchongo wa mti.

Kwa hiyo, mwanafunzi atakayesanifu jalada la kitabu cha Kiswahili na aanzie kwenye hati na kanga. Neuland ni kazi bora ya fundi stadi. Ibaki kuwa hivyo, isiwe sura yetu.