Makumbusho na Ukumbusho: Siku Moja Mbele ya Picha za Lubumbashi

Neno «makumbusho» si wengi walitumialo mjini Lubumbashi; watu hupendelea neno la Kifaransa. Lakini ndugu yake, «ukumbusho», amekaa siku nyingi katika nyumba za wafanyakazi wa Katanga, tena ukutani. Undugu wa maneno hayo nilikuwa nimeusoma vitabuni. Uzito wake niliuona siku nilipoandamana na wanafunzi kwenda kuzuru Makumbusho ya Taifa ya mji wetu.

Asubuhi ilikwisha mbele ya misalaba ya shaba na habari za makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958. Mabishano yalianza tulipofikia uchoraji. Mwanafunzi mmoja aliuliza: «Profesa, hawa wazee wa Hangar waliishi chini ya ukoloni. Mbona walichora ndege na samaki tu?»

Swali lilikuwa la haki. Karakana ya Hangar ilianzishwa mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewakataza wanafunzi wake kuiga Ulaya na kumtaka kila mmoja achore yaliyomo moyoni mwake. Pilipili Mulongoy alijaza nukta nyuma ya wanyama wake. Mwenze Kibwanga alitumia mistari mifupi iliyobanana. Bela, mtu wa Chad, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Uzuri wa kazi zao haukanushiki. Walakini wanunuzi wao wengi walikuwa Wazungu, na sidhani kwamba sebule ya Mzungu wa miaka ile ingepokea picha ya kiboko. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na karakana ikaingizwa katika Akademia ya Sanaa.

Miaka ya 1970 wachoraji wengine walikuwa wakiuza picha kwa wafanyakazi wenyewe, wakichora juu ya magunia ya unga. Picha hizo ziliitwa ukumbusho: kitu kinachomfanya mtu akumbuke, kisha aseme. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mgeni akiingia sebuleni huuliza, na mwenye nyumba husimulia. Picha isiyosimuliwa ni nusu ya kazi.

Ushahidi mkubwa ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha zipatazo mia moja: kifo cha Msiri, wagomaji wa Union Minière waliopigwa risasi mjini humu Desemba 1941, Lumumba na wenzake waliouawa Januari 1961. Maandishi yaliyo juu ya turubai ni ya Kifaransa; bali masimulizi yake alimpa Fabian kwa Kiswahili chetu cha Katanga, naye akayachapisha kwa Kiingereza mwaka 1996. Picha zenyewe zimehifadhiwa Amsterdam. Basi mwanahistoria huyu aliwaza kwa lugha yetu, na mwanafunzi wetu humsoma kwa lugha ya tatu! Mimi naona kwamba kuyachunguza masimulizi hayo katika Kiswahili chake, pamoja na yote ambayo sarufi sanifu ingeyaita makosa, ni kazi ya idara kama yetu kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Tulipokuwa tukitoka, yule mwanafunzi alisema kwamba kwa nkambo yake, mama wa mama yake, palikuwa na picha ya «Colonie belge»: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga, Mzungu anatazama. Hakuwahi kuulizia habari yake. Mchwa waliila.

Nilimwomba aende akaulize. Juma lililofuata alileta sauti ya bibi huyo katika simu, dakika 40. Hakuanza na kiboko wala na Wabelgiji. Alianza kwa kumtaja mfungwa kwa jina, akasema: «Ule alikuwa mjomba wangu.»