Uzi: Saa za kazi za daktari mchanga, na kwa nini zinatuhusu sisi wa Ifo

1/ Kila mjadala wa afya ukianza redioni au barazani, swali hili halikosi: daktari mwanagenzi, au yule anayesomea ubingwa, afanye kazi saa ngapi kwa wiki? Apumzike lini? Mmoja atasema ni uvivu, mwingine atasema ni utumwa. Mimi naishi Ifo, hapa Dadaab. Sitaji chama wala mwanasiasa, nataka tu kueleza tulifikaje hapa. Kaa kitako.

2/ Nianze na langu. Dada yangu alijifungua kwa shida, akatolewa kambini kwa ambulansi hadi hospitali moja kubwa, jina halina haja. Aliyetupokea ni daktari mwanagenzi, kijana mpole sana. Akaniuliza jina la mgonjwa mara tatu. Ya tatu nikamwambia, "Daktari, umelala lini?" Akacheka kidogo: "Jana... hapana, juzi." Kabla damu haijawekwa, nesi akasoma karatasi akaona kundi la damu lililoandikwa ni la mama wa kitanda cha pili. Dada yangu yuko hai. Lakini je, kama nesi naye angekuwa amekesha?

3/ Desturi hii ilitoka wapi? Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1889. Daktari mpasuaji William Halsted akaweka mtindo wa wanafunzi wake kuishi humo humo hospitalini, wakiitwa usiku na mchana, kwa miaka. Mtindo huo ukaenea. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Halsted mwenyewe alikuwa mraibu wa kokeini, baadaye mofini. Sisemi ndiyo sababu ya ratiba yake. Lakini mtu akikuambia "wazee wetu waliweza", mkumbushe na hilo.

4/ Machi 1984, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifia hospitalini New York saa chache tu baada ya kulazwa. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari walio mafunzoni, wenye zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Jopo la raia lililochunguza kesi halikumshtaki daktari yeyote kwa jinai, lilinyooshea kidole mfumo. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo: saa 80 kwa wiki, zisizozidi 24 mfululizo. Marekani nzima ikafuata 2003, pamoja na siku moja ya mapumziko katika kila saba. Ulaya walienda mbali zaidi: wastani wa saa 48.

5/ Si huruma tu, kuna vipimo. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 24 mikono na akili yake hufanya kazi kama ya mlevi. Mwaka 2004, utafiti wa hospitali moja ya Boston ulikuta wanagenzi wa ratiba ya zamani wakifanya makosa makubwa zaidi kwa kama asilimia 36 kuliko wenzao waliopunguziwa saa.

6/ Sasa turudi Kenya. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa haki ya mazingira mazuri ya kazi na haki ya kugoma. Na Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Yaani dereva wa basi la Garissa sheria inamwekea kikomo cha saa. Anayempasua mama yako je?

7/ Chama cha madaktari kiliundwa 2011. Mwaka 2013 kikatia saini mkataba na serikali: mishahara, lakini pia saa za kazi na malipo ya saa za ziada. Mwaka huo huo huduma za afya zikahamia kaunti, na mkataba ukakwama. Desemba 2016 mgomo ukaanza, ukachukua siku 100. Mwaka 2024 mwingine, siku 56, sanasana kuhusu wanagenzi. Kila mara sisi tulisikia habari ya pesa tu. Saa zilipotelea katikati.

8/ Huku kwetu mambo ni mazito zaidi. Ifo ilifunguliwa 1991 kwa dharura, na dharura imekuwa maisha. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, wafanyakazi wengi kutoka kaunti nyingine waliogopa kuja. Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa Mandera. Daktari mmoja akiondoka, aliyebaki anabeba zamu mbili.

9/ Wanaopinga kikomo wana hoja. Mgonjwa akikabidhiwa mikono mingi, habari hupotea njiani. Marekani iliwawekea wa mwaka wa kwanza kikomo cha saa 16 mwaka 2011, ikarudisha 24 mwaka 2017, baada ya utafiti kuonyesha vifo havikutofautiana. Na hoja nzito kuliko zote kwetu: ukimpeleka daktari pekee akalale, wodi inabaki na nani?

10/ Jibu langu ni hili. Kikomo cha saa bila kuajiri ni karatasi tupu. Lakini mwaka 2024 wahitimu wa udaktari walikuwa nyumbani wakisubiri kupangiwa vituo, huku wenzao wakikesha wodini. Kwa hiyo tatizo si kwamba watu hawapo.

11/ Mgombea akija kuomba kura na kutaja afya, usimuulize tu "utajenga hospitali?" Muulize: zamu ya usiku itakuwa na madaktari wangapi? Wakikabidhiana, nani anaandika? Bajeti ya kuajiri iko wapi? Akijibu "watavumilia", muulize kama angepanda basi la dereva aliyekesha siku mbili.